Salfa na Kituo cha Pili

Mtwara, 20 Aprili 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huku wazima, Gideoni ameota meno mawili na anayajaribia kwa watu. Mgongo wako je?

Kazi yangu unaijua: nachota maji ya bahari, nahesabu kwa hadubini vijani vinavyoelea humo, vidogo kuliko vumbi. Ndiyo malisho ya dagaa. Tangu zianze mvua hizi za El Nino vimebaki robo. Bosi wangu, Bwana Ladislaus, ameandika kwamba vimeuawa na salfa mnayopulizia mikorosho, iliyosombwa na mafuriko. Anataka ipigwe marufuku msimu huu. Ripoti itasomwa Masasi tarehe 11 Juni mbele ya wajumbe wa wakulima, na wa kuisoma ni mimi, eti kwa kuwa ni mtoto wa huko. Sijatia sahihi. Amesema nisipoisoma nitafute kazi nyingine.

Nimetaka usikie kwangu kwanza.

Mwanao,
Ethel


Kitangari, 4 Mei 1998

Mwanangu Mama Gideoni,

Marahaba. Mgongo upo, bado unaunganisha kichwa na miguu. Mama yako aliteleza akitoka bondeni kuchota maji. Ndoo ilipona, naye anaendelea vizuri. Barua yako imeletwa na Alfani, muuza dagaa, ambaye safari hii hakuwa na kingine cha kubeba.

Kumbe unahesabu visivyoonekana. Mimi kanisani hufanya hivyo kila Jumapili nikihesabu sadaka, na sina bosi wa kunitisha.

Sasa sikiliza. Bila salfa, ubwiri unga, ule ukungu mweupe, unamaliza maua yote ya mikorosho, na hawa wanunuzi binafsi wanaokuja siku hizi na mizani zao hawanunui majani. Kwenye ukuta wa tangi la maji la kanisa nimechonga alama za mvua tangu ujana wangu. Mwaka 1961 lilifurika kama sasa. Mwaka ule babake Alfani alipanda huku na matenga matupu, akala kisamvu chetu mwezi mzima. Salfa hatukuwa nayo hata ya kutibu upele. Basi simama Masasi useme: salfa haina kosa.

Baba yako,
Cyril


Mtwara, 19 Mei 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na pole nyingi kwa Mama.

Mwaka 1961 hakuna aliyehesabu vijani. Njaa ya babake Alfani sina pa kuiweka kwenye jedwali.

Nilichohesabu ni hiki. Tuna vituo viwili. Cha pili kiko mbali baharini, maji ya mito yetu hayafiki. Huko nako imebaki robo. Kinachofanana ni joto. Chakula cha vijani kiko kwenye maji baridi ya chini. Maji ya juu yakipata joto kupita kiasi hutanda kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki na ya chini, na vijani vinakaa juani na njaa. Hali hii huja kila baada ya miaka kadhaa, kisha huondoka yenyewe.

Bwana Ladislaus anayajua haya kuliko mimi. Nilimwuliza. Akanijibu, "Bahari utaiita kikaoni? Utaipiga marufuku? Salfa naweza."

Lakini salfa yenyewe sijaipima, Baba. Sitasema ina kosa, na sitasema haina, hata ukiniomba wewe.

Mwanao,
Ethel


Mtwara, 8 Juni 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Wiki tatu hujajibu, na Alfani anasema barabara inapitika. Natumaini ni hasira tu, si homa.

Kesho naondoka. Nitasoma namba za vituo vyote viwili, basi.

Mwanao,
Ethel


Kitangari, 30 Juni 1998

Mwanangu Mama Gideoni,

Marahaba, zote mbili. Ilikuwa hasira. Homa ningekuandikia.

Nilikuwepo Masasi. Nilikaa karibu na mlango ili nikiona aibu nitoke. Walipokuuliza, "Binti, salfa ina kosa au haina?" ukajibu, "Sijaipima," ukumbi uliguna, nami niliguna nao. Ndipo Swalehe, mjumbe wa Chilangala, akamgeukia bosi wako: "Mheshimiwa, hiyo salfa yetu ilifikaje kituo cha pili?" Bwana Ladislaus akanywa maji. Akaendelea kunywa. Marufuku ikafia hapo, na tangu Jumatatu iliyofuata tunapulizia.

Alfani ameniambia umefukuzwa, na hadubini wamebaki nayo. Ulinificha, tutazungumza.

Shule ya sekondari hapa ina hadubini kabatini tangu enzi za wamisionari. Mwalimu Yuster huifunika kitambaa kama maiti. Nimekwenda kwake mara nne. Ya tano alinipa ufunguo ili nisirudi tena. Kwa hiyo njoo, na uje na maji ya bahari, mabichi, dumu zima. Wanawake wa bondeni watashangaa mtu anapandisha huku maji yasiyonyweka. Waache.

Tutayagawa kwenye chupa mbili. Moja tutaitia salfa yangu, nyingine tutaiacha, na wewe utahesabu. Ukumbini ulisema hujaipima, nami tangu siku ile silali vizuri, maana hata mimi sijaipima. Kama inaua, nataka nijue sasa, nikiwa bado nina mashine ya kupulizia mgongoni.

Baba yako,
Cyril