Dumu Nililolisugua

Jumatatu, Mfaranyaki. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu mzito kama blanketi lililoloa.

Leo nimempeleka Tumaini wangu kwa wakili. Binti wa miaka ishirini, mikono inamtetemeka hadi kikombe cha chai namshikia mimi. Macho yanamtoka machozi bila kulia. Misimu miwili alichanganya dawa ya mahindi kwa mikono mitupu, khanga puani, kwenye lile ghala lililokuwa la ushirika. Akaja tajiri akalichukua, tukaambiwa ndiyo soko huria. Huria kwake.

Sasa tumemshtaki, binti atibiwe. Tajiri anasema ghalani kwake dawa kali haijawahi kuingia, ni vumbi tu la mahindi.

Wakili ni kijana wa heshima, alituamkia vizuri. Akaniuliza, "Mama, yale madumu matupu waliyokuwa wanawagawia, unalo hata moja? Lenye karatasi ya jina la dawa?"

Nikajibu kwa majivuno, "Ninalo, baba. Tena limetakata! Nililisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa."

Akaweka kalamu chini.

"Mkalitumia kwa kazi gani?"

"Maji ya kunywa."

Aliichukua tena kalamu akaandika. Kisha akasema taratibu, "Sikufundishi kusema uongo, mama. Ila ujue watakuuliza hilo, na watasema ugonjwa umetoka nyumbani kwako."

Nyumbani kwangu!

Niandike ukweli, maana kwa wakili sikuumaliza. Maandishi yalikuwa ya Kizungu, na mimi kusoma nimejifunzia kisomo cha watu wazima. Lakini picha ya fuvu niliiona. Ndiyo niliyoanza nayo kuisugua. Nilidhani picha ikitoka, ubaya nao umetoka.

Msimamizi wa ghala alitugawia madumu yale kama zawadi, tukagombania wanawake wazima. Yeye Kizungu anakijua. Hakufungua mdomo. Na leo tajiri anamwita mwanangu mwongo, hali mikono ya binti inatetemeka mbele ya watu.

Tukirudi nililia njiani. Tumaini akanivuta khanga. "Mama, nyamaza bwana. Watu watadhani nimeshakufa, waanze kuleta unga wa matanga." Nikacheka na kamasi zangu. Mtoto huyu.

Jioni hii nimewapitisha kichwani wenzangu wote waliopata madumu. Wote ni wasafi. Wote walisugua, tena tulisugua pamoja bombani tukishindana.

Isipokuwa Mama Asha wa Msamala.

Huyu nimemsema sana. Nilisema vyombo vyake vinalala na ukoko, nikasema hata bombani mbele ya watu, "Wewe mwenzetu maji unayaogopa?" Alijibu, "Usafi wako utakuzika, Mama Tumaini." Tangu siku hiyo hatusalimiani. Dumu lake alilitupa nyuma ya banda la kuku likiwa vilevile na karatasi yake, anawekea pumba.

Hakimu akiniuliza habari ya maji, nitamwambia yote, na fuvu pia. Aibu ni yangu, lakini sumu si yangu.

Kukipambazuka naenda Msamala. Nitamwomba msamaha kwanza, hata kwa magoti. Halafu nitamwomba dumu.

Mungu wangu, naomba awe hajaliosha.