Moto wa Kuomba kwa Mama Yusta

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, babu yako anavuna maharage huku akilalamikia mgongo. Umeniuliza kama zamani tulijua kansa ni nini. Hatukujua, mwanangu, na siku nilipojua, bado nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Miaka ya tisini dada yangu Yolanda aliota uvimbe kwenye titi. Nikaapa ametupiwa uchawi na jirani yetu, Mama Yusta. Asubuhi moja Mama Yusta alikuja kuomba moto. Nikamwambia umezima, na huku unawaka nyuma yangu!

Tulipompeleka hospitalini Kibondo nikamuuliza daktari, "Nani kamtupia uvimbe huu?"

"Hakuna, mama. Hii ni kansa, ni mwili wake mwenyewe. Ukijikata na jembe, chembe za mwili hugawanyika mpaka kidonda kifunge, kisha hupata amri ya kuacha. Hizi zake hazisikii tena amri. Zinaendelea tu kugawanyika."

Mwili wake mwenyewe! Na mimi nilikuwa nimeshamhukumu mtu.

Yaliyompata Yolanda baadaye nayaacha. Niliporudi kijijini kwetu Kumsenga nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Yusta, nikaomba moto. Aliutazama moshi uliokuwa ukitoka jikoni kwangu, akanitazama mimi, kisha akanipa kijinga cha moto.

Anakusalimia sana. Siku hizi ana viberiti tele, lakini bado huja kwangu kuomba moto.

Bibi yako,
Maria