Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 11 Januari

Klabu tena na Salma, Harrow. Baridi ya kukata masikio. Ukumbi wa shabaha hauna hita hata moja. Mie nimekaa kwenye kiti cha plastiki na chai ya mashine, chai gani ile, maji ya kuoshea vikombe.

Salma kaanza vizuri. Halafu bega likachoka. Bunduki ya klabu ndefu kwake, ana miaka kumi na nne na mwili wa kumi na moja. Kitako kinamfika vibaya, shingo anainyoosha mpaka anatetemeka. Tena imetengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia, na mtoto wangu ni wa kushoto. Kila akifyatua, inabidi avushe mkono upande wa pili kuvuta bolti, lile komeo la kuingizia risasi, mwili mzima unahama, na kulenga kunaanza upya.

Derek, mwalimu wao, Mwingereza mzee asiyependa maneno, kanivuta pembeni. Majaribio ya timu ya vijana ya kaunti ni mwisho wa Machi. Mtoto ana jicho, kasema, lakini kwa bunduki ile hafiki popote. Mtafutie yake.

Nimefurahi. Halafu nikamkumbuka Mama, furaha ikaniishia pale pale.

Jumanne, 14 Januari

Leseni ipo mkononi, kwa jina langu. Imechukua miezi. Kwanza nijiunge na klabu mwenyewe, mie nisiyejua hata kurusha jiwe. Halafu daktari, halafu polisi kuja kukagua kabati la chuma chini ya ngazi. Yule polisi kalitikisa mpaka nikahofia ukuta. Kauliza nani mwengine atajua ufunguo ulipo. Nikasema hakuna. Hata mke wako? Hata mke. Hata mama yako? Hata yeye. Kaandika, kaondoka.

Mama siku ile alikuwa msibani. Namshukuru Mungu.

Mama hataki kuiona bunduki hata kwenye televisheni. Mtu akitoa bastola kwenye filamu, yeye huinuka na kwenda jikoni. Sababu sijui. Ninachojua ni kwamba baba yake alichukuliwa, huko Pemba, katika siku zile mbaya za mapinduzi, na hakurudi. Basi. Nyumbani kwetu hilo haliulizwi.

Kwa hiyo nimemwambia kabati ni la hati za kazi. Na Salma Jumamosi huenda kucheza hoki. Mke wangu Zainab anasema nimwambie ukweli. Rahisi kusema. Yeye si mamake.

Jumamosi, 18 Januari

Tumenunua.

Duka lipo nje ya mji, Derek kaja nasi. Muuzaji katuletea kwanza moja nyeusi ya kutisha, inapiga risasi kumi mfululizo, na darubini juu. Derek katikisa kichwa tu. Anayeanza anataka risasi moja moja, kasema, ili kila moja aifikirie. Darubini ya nini, umbali wenyewe ni wa ukumbini. Kilengeo cha tundu kinatosha. Kitako kiwe cha kurefushwa, maana mtoto bado anakua. Na bolti iwe kushoto, hapo hakuna mjadala.

Ya kwanza nzito, Salma kaishika akapinda mgongo. Ya pili nyepesi mno, akivuta pumzi mtutu unacheza. Ya tatu kuukuu, mbao zimechubuka, ilikuwa ya msichana aliyekwenda chuo kikuu. Salma kalala kifudifudi kwenye zulia la duka, kaiweka begani, kafunga bolti. Katulia. Katulia kabisa. Tangu aanze sekondari sijamuona mtoto huyu ametulia namna ile. Kucha kazitafuna, usingizi hana, skuli hana rafiki wa kutajika. Pale alikuwa mtu mwengine.

Nikaona raha na nikaogopa, vyote kwa pamoja. Mwanangu yule, na kitu kile.

Jumapili, 19 Januari

Imo kabatini. Risasi zote ziko klabuni, sitaki hata moja humu ndani. Nimepita chini ya ngazi mara sijui ngapi, bila ya safari yoyote.

Jumatatu, 27 Januari

Mama kanuna.

Ni ule ufunguo. Nyumba hii funguo zote anashika yeye, amezifunga kwenye pindo la kanga. Mlango wa mbele, banda la bustani, mpaka sanduku la Zainab. Mamake alifanya hivyo hivyo. Hata ghala la karafuu Bibi ndiye aliyelifungua. Mtoto kumficha mamake ufunguo ni kumwambia usoni kwamba humuamini. Kaniomba Ijumaa, kwa upole tu, ule wa kabati. Nikamwambia ni wa kazini, hairuhusiwi.  Tangu siku hiyo hali nasi. Tukimwita anasema kashiba. Kashiba nini, hewa?

Zainab ananitazama tu. Salma haelewi. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 30 Januari

Nimempa ule wa akiba.

Najua. Najua nilivyomwambia yule polisi. Lakini mama yangu ana miaka sabini na tisa na nilimkuta jikoni anakula mkate mkavu kwa kusimama. Nani ataweza? Nimejiambia hatofungua. Mama si mpekuzi, anachotaka ni kuaminiwa tu. Kaufunga kwenye pindo pamoja na wenziwe, kanibariki, kakaa mezani. Kapika mchuzi wa papa. Nyumba imepata hewa.

Zainab sijamwambia.

Jumamosi, 1 Februari

Salma kapiga, karatasi nzima tundu zimelundikana katikati. Derek kacheka. Sikujua ana meno.

Tumerudi kwa treni, mfuko mrefu magotini, roho yangu juu muda wote. Salma kasema njia nzima, Kiingereza chake cha mbio, pumzi, kidole, jinsi ya kungoja mapigo ya moyo yapite. Nusu sikuielewa. Ningemsikiliza mpaka Aldgate, mwisho wa reli.

Tulipofika Mama alikuwa dirishani. Kautazama ule mfuko, hakututazama sisi.

Jumatano, 5 Februari

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono yangu.

Jumatano nafanyia kazi nyumbani. Nilikuwa juu, nimevaa spika za masikioni, mkutano wa bajeti. Zainab kazini, Salma skuli. Nikasikia kelele za wanaume. Nikadhani ni mafundi wa jirani.

Nilipochungulia dirishani Mama alikuwa bustanini, amepiga magoti kwenye udongo. Koleo ubavuni. Shimo mbele yake. Bunduki ya Salma ndani ya kanga, nusu imeshafukiwa, mtutu nje. Na polisi kwenye geti la pembeni, wenye silaha, wamemlenga. Jirani alimuona kwa dirisha la juu na kapiga simu. Simlaumu. Mie pia ningepiga.

Walikuwa wanampigia kelele anyooshe mikono. Kiingereza cha Mama ni cha dukani. Yeye aliendelea kufukia. Alikuwa anafukia haraka haraka kwa viganja.

Nikashuka mbio, na hilo lilikuwa kosa. Nikaamriwa nilale chini. Nikalala. Shavu kwenye nyasi za baridi, na nikipiga kelele kwa Kiswahili, Mama acha, Mama inua mikono, na wao wananambia ninyamaze. Mwisho kainua. Mikono myeusi mpaka viwikoni.

Hakuna aliyeguswa. Nilisema hivyo kwa Zainab kwenye simu, hakuna aliyeguswa, kama kwamba hilo linatosha.

Waliponipeleka kwenye gari Mama katoka mpaka barabarani miguu mitupu. Hakulia. Alikuwa anamwambia kila polisi anayepita mbele yake, mmoja mmoja, jambo lile lile:

"Si yake. Ni yangu mie. Nichukueni mie."

Hakuna aliyemuelewa ila mimi, na mimi nilikuwa nimeshafungiwa mlango.

Wamenihoji mchana kutwa. Walikuwa na adabu. Nani alikuwa na ufunguo? Mama yangu. Kwa nini? Nikajaribu kueleza. Mpelelezi mmoja aliandika, kisha akaiweka kalamu chini. Nimerudi kwa miguu yangu jioni. Mama alikuwa ameketi ngazi ya chini kabisa, udongo bado kuchani. Kanipapasa uso, mabega, mikono, kama anayenunua ng'ombe. Kisha kaenda kulala.

Alhamisi, 6 Februari

Leo kasema. Mwenyewe, asubuhi, akitia maziwa kwenye chai.

Baba yake alikuwa na bunduki ndogo ya kupigia kima shambani. Kima walikuwa wakila mihogo. Kila mtu mtaani alijua, ilikuwa imetundikwa ukumbini kama mwavuli. Siku zile zilipoanza, Bibi alimwambia aifukie. Babu akasema, kibunduki cha kima, nani atakitia maanani? Wakaja kupekua. Wakaiona pale pale ukutani. Wakauliza ya nani, na nyumba nzima, Mama, Bibi, wajomba zake, ikanyamaza. Babu akasema yangu. Wakaenda naye.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane," kasema. "Mkubwa. Na nilinyamaza."

Kamaliza chai. Kaniuliza mie sikujua kwamba nyumba yenye bunduki hupekuliwa? Nikamwambia, Mama, wamekuja kwa sababu ulikuwa unaifukia. Kanitazama kwa huruma, mie mtu mzima na elimu yangu.

"Wamekuja," kasema. "Hawakuja?"

 Miaka yote hii nilikuwa naona aibu kumuuliza, nikaiita heshima.

Ijumaa, 14 Februari

Leseni imefutwa. Bunduki haitorudi. Mimi klabu basi. Derek kapiga simu, sauti ya mtu aliyefiwa. Salma anaweza kurudi baadaye, kamati ikikubali, akiletwa na mtu mwengine, kwa bunduki ya klabu. Majaribio ya Machi asahau.

Nimemwambia Salma mwenyewe. Hakulia. Kanambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba mimi ndiye niliyempa bibi yake ufunguo. Basi, hilo tu. Bora angetukana.

Na Salma hasemi na bibi yake. Bibi akiingia sebuleni, yeye anatoka. Nimemgombeza, Zainab kanambia niache, nimeshafanya ya kutosha. Ni kweli. Nimemvunja mtoto na nimemvunja Mama kwa jambo moja, na nilidhani nawaweka sawa wote wawili.

Mama sasa anavaa viatu ndani ya nyumba. Ana kimfuko tayari karibu na mlango, nguo zangu mbili na dawa yangu ya presha, endapo watarudi. Nikienda kazini anakaa pale kwenye ngazi mpaka nirudi. Haendi popote. Hapokei simu. Zainab anasema hata kuswali siku hizi anaswalia pale pale.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda Kilburn kununua nyama, mchana, nikiwa na saumu. Kurudi treni ikakwama katikati ya njia, taa za njia zimeharibika, na simu yangu imekufa. Magharibi imenikuta humo humo. Mwanamke mmoja wa Kisomali kanipa tende na maji kwenye mfuniko wa chupa.

Kutoka stesheni nimekimbia. Nilijua nani ananingoja, na nilijua Zainab yuko zamu.

Nimefungua mlango. Mama alikuwa kwenye ngazi yake, viatu miguuni, kimfuko mapajani. Hakuwa amefuturu. Salma alikuwa kakaa naye, ngazi ile ile, wamebanana kwa sababu ni nyembamba. Mkono mmoja kamshika bibi yake, mwengine ana bilauri ya maji imejaa. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Macho ya Salma yalikuwa mekundu.

"Bibi, kaja," kasema. "Huyo. Mtazame. Kunywa sasa."

Mama kanitazama juu mpaka chini. Kanywa maji, yote, bila kupumua. Kisha kamtegemea Salma begani, kainuka, kasema uji umepoa na anakwenda kuupasha.