Mkalimani wa Maua Peke Yake

Jumapili ya Julai, Majengo, Meru. Ni mwaka wa arobaini na sita tangu nivuke mpaka pale Moyale nikija huku.

Baridi ya leo ni ile ya ukungu unaoshuka kutoka mlimani alfajiri na kukaa juu ya mabati hadi adhuhuri. Mwezi kama huu kwetu Ethiopia ni msimu wa mvua kubwa, na tope jeusi hung'ang'ania viatu kama mtoto asiyetaka uondoke. Hapa udongo ni mwekundu. Nimeuzoea, ila bado ninautazama kama mgeni anavyotazama zulia la mwenyeji wake.

Leo nimeshuku watu kuliko kawaida yangu. Mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Mnaosoma ukurasa huu mnajua kwamba kule nilikuwa mwalimu, na hapa nimeshona kanzu na sare za shule mpaka macho yakakataa uzi. Binti yangu Saida, aliyezaliwa hapahapa Majengo, ndiye anayelipa kodi sasa. Anafanya kazi katika shamba la waridi upande wa Kiirua. Husimama tangu asubuhi katika banda la kupangia maua, akipima shina kwa jicho, akitoa jani bovu, akifunga shada. Mkataba wake ni wa miezi michache. Ukiisha huambiwa apumzike nyumbani kidogo, kisha huitwa tena kama mtu mpya, asije akahesabiwa mfanyakazi wa kudumu.

Ni ujanja mchafu, lakini angalau ni ujanja wa kukwepa sheria iliyopo. Hapa kuna kima cha chini cha mshahara na kuna chama cha wafanyakazi, hata kama kinasinzia. Kule kwetu, kwa nilivyosoma, serikali haijaweka kima cha chini kwa waajiri wa binafsi. Mwajiri anapatana na njaa yako.

Alasiri alikuja Bwana Njeru, mtu wa Kianjokoma kule Embu, mwenye sauti laini na viatu visivyo na vumbi. Wenye shamba la Kiirua wamefungua shamba jingine Ethiopia, na kazi yake ni kutafuta wanawake sita wa kwenda kuwafundisha wafanyakazi wa huko. Saida ni mmoja wa walioteuliwa. Mshahara unakaribia mara mbili ya anaopata sasa. Jibu linatakiwa kesho.

Shamba lenyewe liko karibu na mji nilikozaliwa, magharibi ya Addis Ababa. Nilipoondoka palikuwa na ng'ombe na mashamba ya tefu, nafaka ndogo tunayopikia mkate. Njeru alipoutaja mji huo, aliutamka vibaya, na mimi sikumsahihisha.

Alikuja na video kwenye simu. Wanawake wa huko wamekaa chini kwa duara wakati wa chakula cha mchana, wakicheka mbele ya kamera.

"Ona, Mzee. Hiyo ilikuwa siku ya mshahara. Wanakula sahani moja kama ndugu. Wamama wako na furaha hao."

Kula sahani moja si dalili ya furaha. Sisi hula hivyo hata matangani. Mimi niliangalia chakula chenyewe. Ile injera, mkate wetu mwembamba wa kukunjakunja, ilikuwa nyeusi kwa kuchanganywa mtama mwingi, kwa sababu tefu ni ghali. Katikati, mahali pa mchuzi, palikuwa na pilipili kavu tu. Hata Mkristo wa kwetu akiwa kwenye mfungo hukosa nyama na maziwa, hakosi uji mzito wa dengu. Wanawake wale walikuwa wanakula mkate na pilipili, siku ya mshahara.

Nikamwuliza wanalipwa ngapi. Akaitaja kwa birr, kisha akaibadilisha kwa shilingi akiangalia pembeni. Kwa pesa hiyo ya mwezi mzima Saida hangelipa kodi ya chumba hiki na kubaki na ya unga.

"Lakini kule vitu ni rahisi, Mzee."

"Rahisi kwa anayekuja na pesa za Kenya," nikamwambia.

Nikageuka kumweleza Saida nilichokiona kwenye ile sahani, nikidhani nimemaliza maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Baba, na mimi siku ya mshahara hubeba githeri ya mahindi na maharagwe kwa mkebe, tena haina hata kitunguu. Mtu akinipiga video, mzee mmoja huko kwenu angesema nini?"

Njeru alicheka sana.

Nimelifikiria swali lake tangu hapo. Wanaopima mishahara ya nchi mbili maskini hupenda kutafuta ni ipi yenye nafuu, kama watu wanaolinganisha matundu mawili ya nguo na kusifu lililo dogo. Wenye shamba hawahangaiki na swali hilo. Wao huuliza tu tundu gani linawatosha kupita.

Basi nikauliza kitu kingine. Wiki iliyopita Saida alinisimulia kwamba katika vitalu-nyumba viwili vya plastiki pale Kiirua mawaridi yamezeeka, yakang'olewa, na mabomba ya maji ya matone yakakunjwa yakawekwa stoo. Waridi likizeeka hung'olewa, hilo ni kawaida. Lakini anayekusudia kupanda tena hakunji mabomba.

"Pale Kiirua mtapanda tena?" nikamwuliza.

Njeru alitazama ndani ya kikombe chake. "Hiyo ni ya wakubwa, Mzee."

Saida hakushtuka. Kumbe alikuwa ameshaelewa zamani. Wanawake sita wanakwenda kufundisha mikono itakayofanya kazi yao kwa bei ndogo, na wakirudi watakuta kufuli langoni. Nilimtazama uso nikaona hapimi kama shamba litafungwa. Anapima awe wapi siku litakapofungwa.

Ndipo Njeru akanigeukia mimi, kwa upole ambao sikuupenda.

"Mzee, hata wewe kuna nafasi yako. Wanataka mkalimani. Tiketi ya ndege, nyumba, mshahara. Unarudi kwenu ukiwa umekaa kwa kiti, sio kwa miguu vile ulikuja."

Nakiri moyo uliruka. Niliona barabara ya kwenda nyumbani kwa mama yangu, ile yenye mikaratusi, ambayo labda ilishakatwa. Niliona jinsi mwanga wa huko unavyokuwa mvua kubwa ikikatika. Kwa muda wa kumeza mate nilikuwa tayari kuamini kila neno la mtu huyu, na hapo ndipo nilipojishuku. Mtu asiyekujua anapokuletea kile hasa unachokililia, muulize amekitoa wapi.

"Mliyekuwa naye yuko wapi?"

"Nani?"

"Mkalimani. Shamba limeshafunguliwa, watu wanafanya kazi. Lazima mlikuwa na mmoja."

Akaweka kikombe chini. Nadhani alichoka kuwa mwangalifu, au aliona mimi ni mzee tu.

"Yule aliingilia mambo. Aliambia wale wamama trena wa kwanza wa Kenya, wale walienda kuwafundisha, wanalipwa ngapi. Wakakaa chini siku mzima, maua yakaharibika. Sasa wakubwa wanataka mtu mzima, mtulivu. Mwenye atatafsiri maua peke yake."

Hivyo tu.

Urefu wa shina nitafsiri. Ukubwa wa kichwa cha ua nitafsiri. "Ongezeni mwendo," hilo pia nitafsiri, kwa lugha ya mama yangu, kwa mabinti ambao huenda nilisoma na babu zao. Lakini mmoja wao akimwuliza Saida analipwa ngapi, niwe kiziwi.

Njeru alipoondoka, jirani yetu mwenye bucha, ambaye husikia kila neno kupitia ukuta wetu wa mabati, alimwita kutoka mlangoni, "Bwana mkubwa, mbona umekuja kutuibia mzee? Chukua mbuzi, mbuzi wako tele!" Watu wakacheka. Sisi wawili ndani hatukucheka.

Nilimwambia Saida sitakuwa mkalimani wa watu hao. Nikamwambia pia kwamba kama anataka ushauri wangu, asiende.

"Nikibaki nitakula nini Kiirua ikifungwa?" akasema. "Nitaenda, Baba. Pasipoti nitaishika mwenyewe, na mkataba nitaupeleka kwa chama kabla sijatia sahihi. Nikirudi nitakuwa na ya kuanzia duka."

"Na wale wanawake? Utawafundisha wawe wepesi kwa mshahara ule?"

Alitazama mikono yake, ile michubuko ya miiba isiyopona kabla ya mingine kuja.

"Wao watataka kujua napata ngapi. Wanawake huulizana, hata bila mkalimani. Pesa si maua, Baba. Hiyo naweza kuonyesha kwa vidole."

Niliogopa. Wakimfukuza huko atakuwa ugenini bila mtu, kama nilivyokuwa mimi hapa. Nilimwambia hivyo, akasema anajua, na kwamba atangoja kwanza alipwe mwezi wa kwanza. Huyu ni mtoto wa mama yake, Mmeru kamili.

Kwa hiyo tangu magharibi tumekaa mezani na nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya alipokuwa mdogo, kwa maana nyumbani tulisema Kimeru cha mama yake na Kiswahili cha Majengo. Ninamfundisha kuhesabu Kiamhari. And, hulet, sost, arat. Mia ni meto, elfu ni shi. Anakosea saba na nane, anajicheka, anaanza tena. Vidole vinaweza kueleweka vibaya. Nataka aitaje mishahara yote miwili kwa kinywa chake, mbele yao, bila kugugumiza.

Kesho atampelekea Njeru majibu mawili, lake na langu. Saida anakwenda. Mimi sitarudi.