Nani Anaua Bobine Zangu

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Bobine imekufa tena. Tunarudi kutoka misa, katikati ya mtaa wa Kamalondo, motoka ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Mimi nikabaki kwenye usukani – fundi cherehani, lakini dereva mkubwa! – na Cathy, mke wangu, akashuka kusukuma na kitenge chake kipya, nilichomshonea mwenyewe. Kwaya nzima ikapita. Walitusalimu kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyouma.

Nikapiga kelele dirishani: kaza kidogo, mama! Nani alinituma?

Tulipofika nyumbani hakugomba. Alimchukua Léa, binti yetu, akapanda taxi kwenda kwa mama yake Ruashi. Alisema tu kwamba siku nitakapokuja kumchukua na motoka isiyohitaji mikono yake, atafikiri. Atafikiri. Hata kurudi hakukutaja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimenunua bobine nyingine, ya occasion, iliyokwisha kutumika. Motoka yangu ni ya zamani: bobine moja kwa bougie nne, yaani plagi. Chishimba, fundi wangu, amenieleza mara ngapi sijui: bobine inapandisha umeme, bougie inautoa kama cheche, petroli inawaka. Kila mara naitikia kama mtu anayesikiliza.

Ameifunga huku akinitukana. Ni haki yake. Ni mtani wangu; ukoo wake na wetu unataniana tangu mababu. Kwenye matanga ya baba mkubwa alilala mbele ya gari la maiti, akasema halipiti mpaka apewe bia. Leo ametangaza mbele ya gereji nzima: "Bobine haina na kosa. Njo weye unaziua, na mikono yako." Watu wakacheka. Nikacheka kuliko wote, nikamjibu kwamba hata bibi yake aliuawa na sura yake. Nimeondoka nimefurahi sana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wengine Jumamosi wanaosha motoka; mimi naosha bougie. Nazifungua zote nne, nazitia petroli, nazisugua na msasa mpaka zing'ae. Kila wiki! Leo nimezipanga juu ya kitambaa cheupe, nikazipiga picha, nikamtumia Cathy. Sijui nilitegemea nini. Amejibu kidole gumba.

Mchana nikavaa suti, nikaondoka kwenda Ruashi bila kutangaza. Kabla sijaona hata nyumba ya kwanza ya Ruashi – kukohoa kulekule. Bobine ya Jumatatu! Haikumaliza hata wiki. Nimerudi nimevutwa na kamba nyuma ya pickup iliyopakia mbuzi. Mbuzi walinitazama njia nzima, na mimi na tai yangu nikajifanya naangalia pembeni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo cherehani ya umeme ilianza kulia, ikapata moto. Nikajua mara moja: sindano imekuwa butu, mota inasukuma kupita nguvu zake. Usipobadilisha sindano, utaizika mota. Wateja wangu nawahubiria hayo miaka yote. Nikabadilisha, nikaendelea kushona. Halafu mguu ukasimama wenyewe.

Bougie!

Nimekwenda gereji na bougie moja mfukoni. Sikumtukana Chishimba, naye akashtuka, akauliza nani amekufa. Nikamwomba aniambie kwa kweli, tuweke utani pembeni. Alifuta mikono kwanza, sijawahi kumwona hivyo. Kisha akaweka bougie yangu kando ya mpya. Yangu inang'aa kama kijiko cha harusi, lakini ncha imelika, na ile nafasi ambayo cheche inairuka inapitisha ukucha wangu. Cheche inaruka mbali, akasema, kwa hiyo bobine inalazimishwa kutoa umeme mwingi zaidi kila mara, inapata moto ndani, inakufa. Na msasa wangu unaongeza nafasi kila Jumamosi.

"Nilikuambia," akasema. "Weye ukacheka."

Kweli aliniambia. Mwaka mzima ananiambia, na mimi namjibu na bibi yake. Leo hata hajanicheka, na ningependa acheke.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama Kalaba, mama mkwe, amepiga simu mwenyewe. Nimesimama kumjibu, kana kwamba ananiona. Niende Jumapili mchana. Wajomba wa Cathy watakuwepo. Jumapili hii hii, kwa sababu baadaye Cathy na Léa wanaondoka kwenda kwa dada yake Kolwezi. Nimeuliza mpaka lini. Mama Kalaba amesema hajui, na kwamba hata Cathy hajasema.

Nimeogopa. Hakuna neno lingine. Nakula bukari, ugali wetu, nikiangaliana na sanamu ya kuvalisha nguo, na leo nimeikaribisha kula.

Jumamosi, 18 Oktoba

Bougie za aina yangu: dukani ziko tatu. Ya nne itafika Jumatatu. Nimezunguka mji mzima – huku fupi, kule za uongo. Chishimba akasema nisubiri Jumatatu. Siwezi! Jumatatu watakuwa njiani.

Amefunga tatu mpya na bobine nyingine. Ya nne ni ile ile yangu, ameirudisha nafasi yake kwa kuigonga polepole. Huenda itashika, amesema. Nimemwuliza kama ananitania. Akaniambia hapana.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimefika! Naandika juu ya usukani, nikijifanya natafuta karatasi za motoka. Injini inawaka, inanguruma vizuri kabisa. Sitaki kuizima. Wajomba wamekaa uani kwenye viti vya plastiki, wanaitazama motoka, mimi hawanioni. Mama Kalaba nimemsalimia dirishani, macho chini kama inavyotakiwa.

Cathy ametoka. Nimemkumbuka kuliko nilivyofikiri. Amezunguka motoka yote, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, kisha akainama dirishani.

"Papa Léa, zima kwanza, uingie kula."

Nikasema tuiache iwake kidogo, ipoe. Iwake ipoe! Mjomba mmoja akageuza kiti.

"Bougie ni ya mupya yote?" Cathy akauliza.

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Hakuna ambaye angejua, Chishimba hayupo. Nikamtazama, nikashindwa.

"Tatu," nikasema. "Ya ine ni ile ya zamani."

Hakucheka, hakununa. Alipitisha mkono dirishani, akazima mwenyewe, akachukua ufunguo, akaingia nao ndani. Sasa motoka iko kimya na mimi niko ndani yake. Sijui kama nishuke.

Anatoka. Begi hana. Léa yuko nyuma yake. Cathy amekaa kwenye ngazi, amevua sandali zake nzuri, anavaa viatu vya raba. Anakaza kamba, akitazama nyuma ya motoka.