Koti Lako na Siku ya Mtakatifu Martini

Nyumbani kwa mama,
Nyuma ya karakana ya vyuma,
Tarehe 19 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kwa mazoea tu, lakini mradi umeitikia.

U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kinaendeleaje, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kupanga maboksi ghalani? Nakuuliza kwa dhati, maana hasira niliyo nayo haijafika mahali pa kukuombea ugonjwa. Sisi huku tu wazima. Mama ana macho yake yale yale, moja linaona, lingine linalisindikiza. Binti yako, Hakimu wetu, amerefuka mpaka sare niliyomshonea mwanzoni mwa mwaka imekuwa ya mtu mwingine. Mimi na cherehani tunazeeka pamoja, ila cherehani ina afadhali, ikigoma inatiwa mafuta.

Sasa salamu zimekwisha. Nimekukasirikia, mdogo wangu. Niliacha siku kadhaa zipite nikidhani nitapoa, sikupoa. Siku ile ulipopiga simu ulisema wewe peke yako, kisha ukakata. Leo ni zamu yangu, na karatasi haina kitufe cha kukata.

Nitaanzia mwanzo, kwa sababu wewe ulianzia mwisho, kwenye picha.

Unajua vizuri, labda kama umejitia hamnazo, kwamba katika nyumba hii kila mtu ana siku ya somo wake, yule mtakatifu aliyebatizwa kwa jina lake. Sikuianzisha mimi desturi hiyo. Aliianzisha marehemu mkeo. Wifi alikuwa akisema kwamba siku ya kuzaliwa mtoto anashangiliwa kwa kuzaliwa tu, jambo ambalo hakulifanyia kazi, lakini siku ya somo anapewa mtu wa kumfuata. Tangu Mungu alipomchukua nimeshika pale alipoachia. Mwenye siku yake anakalia kiti cha bibi, haoshi vyombo, anachagua wimbo. Keki inawekwa mezani na mshumaa mmoja, mbele ya picha ya mtakatifu tuliyoikata kwenye kalenda ya parokia. Maisha ya mtakatifu yanasimuliwa. Kisha, kabla keki haijaguswa, mwenye siku anafanya tendo moja kama alilofanya somo wake. Watoto wanalisubiri tendo hilo kuliko keki yenyewe.

Siku ya Antoni wa Padua, mtafutaji wa vilivyopotea na somo wa marehemu baba, hakuna kuketi mpaka kila kilichopotea kimetafutwa. Safari hii waliipindua nyumba nzima, wakapata miwani ya mama, kifuniko cha birika na jino la utotoni la Hakimu ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta. Siku ya Marta wa kazi za nyumbani, somo wangu, kazi wanazifanya wao kwa niaba yangu na mimi nakatazwa kunyanyuka kitini. Nateseka kutwa nzima nikitazama wanavyokunja nguo vibaya. Hizo ndizo sherehe unazoziita za kitoto. Ni za kitoto, ndiyo. Wanaosherehekea ni watoto.

Sasa nije kwa Kamanda, mwanao mdogo. Tulimpa jina hilo pale aliposikia kwamba somo wake, Martini, alikuwa askari. Sasa hata akitumwa chumvi anapiga saluti. Hadithi yenyewe anaijua kuliko sala ya chakula: askari amepanda farasi, langoni pa mji anamkuta maskini anatetemeka kwa baridi, anachomoa upanga, analikata joho lake katikati, nusu anampa. Kila mwaka mimi humtafutia Kamanda kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye kazi, anakikata mara mbili, nusu anampelekea mlinzi wa karakana. Mlinzi anashukuru, anafutia tochi, mambo yanaisha.

Mwaka huu katekista aliwafundisha kwamba Martini hakutoa takataka, alitoa nguo ambayo mwenyewe alikuwa akiihitaji. Mtoto akarudi na neno hilo kichwani. Nilipompa kipande changu alikigeuza geuza, akasema, "Shangazi, hiki cha kufutia. Martini hakutoa cha kufutia." Nikamwambia afanye haraka, chai inapoa. Akaondoka kwenda chumba cha ndani.

Sauti ya mkasi wangu mkubwa ukila sufu naijua hata nikiwa usingizini. Niliinuka mbio, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

Koti lako la kijivu. La harusi yako. Lile ulilolitundika nyuma ya mlango siku unaondoka, ukawaambia, "Nitunzieni, nitalivaa siku nikirudi." Na wamelitunza, mdogo wangu, sijui kama kuna koti limewahi kuheshimiwa hivyo. Kila Jumamosi wanalipiga brashi, Hakimu mabegani, Kamanda mgongoni kwa sababu hafiki juu. Sasa akatoka nalo sebuleni, nusu mkono huu, nusu mkono ule. Alikuwa amepiga mstari wa chaki, akafuata mshono wa mgongo kutoka kwenye kola hadi chini, pamoja na bitana. Nisamehe, lakini mimi ni fundi na lazima niseme: mkato ulinyooka.

"Hii ya baba," akasema. "Kule kwake kuna baridi."

Mama alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilisimama mdomo wazi, sijui nicheke au nimchape. Jirani yetu fundi wa kuchomelea, ambaye tulimwalika keki, alicheka mpaka akatafuta pa kuegemea, akatoa simu yake, akapiga picha akakutumia. Alidhani baba mtu naye atacheka. Hakukufahamu vizuri.

Sikatai kwamba koti lilikuwa zuri. Nililishona mimi. Bitana ile niliitia kwa mkono, sindano baada ya sindano, ukiwa unanisimamia na kunihimiza kama vile bibi harusi angekimbia. Kama kuna mtu mwenye haki ya kulililia koti lile, ni mimi, na sijalia.

Kinachonichemsha damu ni simu. Siku ya Hakimu mwaka jana tulikusubiri, ulikuwa zamu. Pasaka ulikuwa umelala. Siku ya kumbukumbu ya mkeo ulisema utapiga jioni, jioni ikapita. Asubuhi ile ya Martini mtoto aliniuliza kabla hata ya kunawa uso kama simu ina chaji. Haikulia. Koti likakatwa, picha ikakufikia, na papo hapo ukapata nafasi, ukapata mtandao, ukapata na sauti.

Ukaniambia niweke spika. Nikaweka. Kamanda alikuja akasimama wima mbele ya meza, akaipigia simu saluti, akidhani anapongezwa. Wewe ukasema, nanukuu kwa sababu hakuna aliyesahau: "Dada, huyu mtoto umemharibu na hizo sikukuu zako. Sitaki tena kusikia mambo ya watakatifu kwenye nyumba hiyo, mwisho leo. Na wewe, Kamanda, umefurahi? Sasa nirudi nije nivae nini?" Kisha ukakata. Keki ilikuwa bado nzima mezani na mshumaa unawaka. Ilibidi mama auzime yeye, kwa vidole.

Najua utasema ulipandwa na hasira tu, hukumaanisha. Mimi nimekuelewa hivyo. Mtoto wa miaka minane hakukuelewa hivyo. Yeye anajua baba alisema atarudi avae koti, sasa koti halipo, na baba mwenyewe ameuliza atavaa nini.

Siku iliyofuata nilimkuta nyuma ya mlango ameketi sakafuni na nusu zote mbili mapajani, anashona. Alichukua sindano yangu ya vifungo na uzi mweupe. Mkono wa koti alikuwa ameushonea kwenye mfuko, na vidole vyake vimetobolewa huku na huku. Hakuwa analia. Laiti angekuwa analia ningejua la kufanya. Aliniuliza tu, "Shangazi, likiungana atakuja?"

Nikaketi naye. Nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu siku ile: kama alimwonea baba yake huruma kwa baridi, mbona alimkatia nusu? Koti ni la baba, angempelekea lote. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Nikimpa lote atakaa nalo huko huko," akasema. "Akipata nusu, atakuja kufuata nusu nyingine."

Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya masufuria, sijui nilifuata nini.

Basi huyo ndiye mtoto uliyesema nimemharibu. Alikuwa amekaa akafikiri njia ya kukurudisha nyumbani, peke yake, bila kumwambia mtu, na kwa akili yake njia hiyo ilikuwa nzuri. Wewe ukamjibu kwamba ameiziba. Nakuandikia haya nikiwa nimeuma meno, mdogo wangu. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio mbele ya watu, na umri wako huo.

Sasa amegoma kabisa. Siku ya Hakimu inakuja Desemba, siku ya Mtakatifu Lusia, wa macho. Unakumbuka anavyofanya: anaamka kabla ya wote, anawasha mshumaa, anaenda kumsomea bibi yake kitandani kwa sababu yeye hawezi tena kusoma. Kamanda amemwambia dada yake asithubutu, baba amekataza. Hakimu akamjibu, "Baba amekataza watakatifu, hajakataza macho ya bibi." Wakagombana mpaka wakavutana nguo, hawa wawili ambao hulala wameshikana mikono. Na mimi nikikuwazia huko uliko, umekula, umeoga, umesahau.

Nilimpelekea mama hukumu yako, kwa kuwa nyumba ni yake. Aliniacha nimalize. Akasema, "Mwambie akitaka kukataza watakatifu nyumbani kwangu, aje akataze akiwa amesimama hapa mbele yangu." Kwa hiyo mshumaa wa Lusia utawaka. Hilo usijisumbue kulijibu.

Habari ya koti: naweza kuliunga. Nikikaa nalo alasiri moja, hakuna atakayejua mpaka aligeuze ndani. Siliungi. Nusu ya kulia, yenye mfuko wa ndani, nimeitia kwenye kifurushi hiki pamoja na barua, kama mwanao alivyotaka. Nimeshona ukingo tu ili isifumuke. Usiicheke, na usinitumie ujumbe wa kuniuliza mantiki yake. Umepewa, pokea.

La mwisho ndilo zito, nalo linanihusu mimi. Kila usipopiga simu, watoto wananigeukia mimi, na mimi nawaambia mtandao umesumbua. Nimeusingizia mtandao mpaka naona aibu. Nasema hivyo pale mezani, na picha ya mtakatifu imeegemezwa kwenye glasi ikinitazama, na Hakimu naye ananitazama kwa lile jicho lake la hukumu, maana yeye ameshajua. Kamanda bado ananiamini.

Siku ya Lusia, jioni, tutakuwa wote sebuleni. Piga. Uanze na Kamanda, si mimi. Mwambie si koti linalokuzuia, kisha umwambie ni nini hasa kinachokuzuia. Kama ni kazi, sema kazi. Kama unarudi, sema. Kama huna mpango wa kurudi, mwambie hilo kwa mdomo wako mwenyewe, utafute maneno, wewe ndiye baba yake. Usimtajie mwezi wowote ili kumfurahisha. Matumizi unatuma na hapo sina neno, lakini hili hakuna anayeweza kulituma kwa niaba yako.

Na usipopiga, akaniuliza, nitamjibu, "Baba yako hakupiga." Sitaongeza kitu. Nimekwisha kukufichia.

Mama anakusalimu na kukubariki. Naona baraka imezidi stahili yako, lakini ni yake kuitoa. Fundi wa kuchomelea anakusalimu na anaomba radhi kwa ile picha, nami nimemwambia asiombe. Hakimu anakusalimu kwa adabu zote, na ukiona mtoto yule amekuwa na adabu zote ujue ana jambo.

Kamanda nilimuuliza mara mbili kama nikuandikie salamu zake. Alikataa. Alisema atakusalimia mwenyewe ukipiga.

Mungu akulinde kazini, akulainishie mgongo, na akimaliza mgongo ahamie moyoni.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata leo.