Kaseti ya "Subiri Umeme" iko ndani ya kopo langu la vifungo

Mpendwa Maman Mukankusi,

Jana Jumatatu saa nne asubuhi Byiringiro, mwimbaji na kiongozi wa bendi ya roki ya Radi, alitangaza redioni kwamba mkusanyiko wa nyimbo zao bora za miaka arobaini unafungwa Ijumaa hii saa sita mchana, kwamba nyimbo kumi na saba zimeshaingia, na kwamba ya kumi na nane, "Subiri Umeme", haimo kwa sababu kaseti yake ya pekee ilipotea, na aliye nayo popote alipo aipeleke kwa Hakimu, fundi wa sauti wa hapa Kamembe. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu sokoni nikisikiliza pamoja na soko zima, na kaseti hiyo iko kwangu, ndani ya kopo la vifungo, hatua mbili kutoka mguu wangu, na ndiyo sababu nakuomba msaada.

Mimi ni Védastine, mke wa Cassien, mpiga gitaa wa Radi. Unajua mji ulivyo wiki hii. Vijana wa Giheke wameshapanga gari lao la kuja kwenye tamasha la Radi la Jumamosi, watu ambao hawakuwa wamezaliwa wimbo ulipotoka wanauimba kwenye foleni ya maji, na mimi mwenyewe nikishona mguu unakanyaga cherehani kwa mdundo wa Radi mpaka mshono unakwenda kombo na mteja analalamika. Wameanza Bukavu mwaka 1985, vijana wanne wenye gitaa moja zima na moja lililofungwa waya, wamevuka mpaka na vyombo vyao kichwani, na sasa kazi yao yote inakusanywa mahali pamoja. Furaha yangu ni kubwa, mshauri, na hofu yangu inakwenda nayo sambamba.

Nieleze ilivyokuwa. Mwaka 1993 nilikuwa Uvira nikijifunza ushonaji, na Cassien alikuwa ananichumbia. Mama yangu, aliyebaki Bukavu, hakujua kuandika, na kama watu wote wa wakati ule alituma barua kwa kaseti, unasema maneno yako, unampa msafiri, anayepokea anasikiliza kwa redio ya jirani. Nyumbani hakukuwa na kaseti tupu. Akachukua kaseti ya Radi niliyoiacha mezani, akaziba kwa karatasi ya sabuni kile kitundu cha juu kinachozuia kurekodi, akabonyeza. "Subiri Umeme" ndio wimbo wa mwisho wa upande ule, una dakika saba, na mama ameingia zikiwa zimebaki sekunde arobaini. Gitaa linalia, linakatika, unasikia kijiko kikigonga sufuria kidogo, halafu sauti ya mama: "Védastine, mutoto yangu, ule kijana wa gitare usiolewe naye. Batu ba gitare habana nyumba, beko na kamba sita tu."

Anaendelea hivyo dakika kumi na moja. Anamtaja Cassien kwa jina, anataja suruali yake, anataja hata baba yake.

Niliolewa naye mwaka 1995. Kaseti niliificha, kwanza kwa aibu, halafu mama alipofariki mwaka 2013 niliendelea kuificha kwa sababu nyingine, sina sauti yake mahali pengine popote, na Cassien akienda kufundisha gitaa huwa naitoa naisikiliza, matusi na yote.

Sasa Cassien anaamini mama mkwe alimpenda. Ndiye aliyebeba jeneza lake upande wa mbele. Kila penye sherehe anasimama na kusema, "Banaume bengine balipewa bibi tu, mimi nilipewa na mama pia," na watu wanapiga makofi, na amenieleza kwamba Jumamosi atalisema hilo jukwaani kabla ya kupiga wimbo wa mwisho.

Na kuna Gad, mpiga besi. Miaka mitatu iliyopita Cassien alipoanza kuitafuta kaseti, aliniuliza, nikababaika, nikasema labda iliondoka na zile kaseti Gad alizoazima kwa harusi ya binti yake. Nilitaka tu anyamaze. Cassien akaenda kwa Gad, maneno yakawa makubwa, Gad akasema alirudisha kaseti zote kumi na mbili na kwamba hajawahi kuitwa mwizi na muntu aliyekula naye sahani moja. Tangu siku hiyo wanaongea kwa kupitia mpiga ngoma. Na jana, baada ya tangazo la redio, Gad amempigia Byiringiro na kusema kama wimbo haumo, watu wote watajua ni nani anayesemwa kuupoteza, kwa hiyo Jumamosi hapandi jukwaani.

Radi bila Gad si Radi. Nikiitoa kaseti, mume wangu atasikia mama yangu alivyomtukana. Nisipoitoa, wimbo unakufa na Gad anabaki mwizi. Jana mwenye duka la pili, anayeniita kwa jina la mwanangu, aliniuliza mbele ya wateja, "Maman Izabayo, unalala karibu na hiyo gitare miaka thelathini, na haujue kaseti iko wapi?" Nilicheka. Nifanye nini? Majina usiyafiche, nimechoka kuficha.

Védastine, sokoni Kamembe


Maman Izabayo,

Nimekupigia simu mara mbili leo Jumanne kuuliza kama kweli majina yabaki. Umesema yabaki. Basi elewa maana yake: gazeti hili linafika Kamembe Alhamisi saa mbili asubuhi, na Kamembe ina bendi moja ya roki. Jibu langu nimekusomea lote kwenye simu kabla ya kulipeleka kwa mhariri. Una siku moja, kesho, ya kuwafikia wanaume wawili kabla gazeti halijawafikia. Nadhani ulijua hilo ulipoandika.

Nianze na unaloliogopa, kwa sababu ndilo dogo. Nimefanya kazi ya uandishi wa habari miaka ishirini na saba, na neno la mtu huwa naliandika pamoja na tarehe yake. Mama yako alisema aliyosema Februari 1993. Umeniambia kwenye simu kwamba mwaka 2002 alihamia nyumbani kwenu, akaishi humo miaka kumi na moja, na kwamba Cassien ndiye aliyempeleka kliniki ya macho na kumtengenezea redio yake. Nikakuuliza kama katika miaka hiyo alirudia maneno ya kaseti. Ukasema hapana, ukaongeza kwamba alikuwa akigombana na wewe kwa kumpa Cassien nyama kidogo. Umechukua kauli ya kwanza ya shahidi, ukazika nyingine zote, halafu ukaogopa habari uliyoitunga mwenyewe.

Kuna jambo la pili, na hili ni la masikio. Nilikuomba uniwekee kaseti karibu na simu. Nimeisikiliza mara tatu. Mama yako angeweza kuirudisha kaseti mwanzo kabisa na kufuta kila kitu. Badala yake alitafuta mahali nyimbo zinapoishia, na ili kupafikia alilazimika kuusikiliza "Subiri Umeme" zaidi ya dakika sita. Kisha kile kijiko unachokidharau. Gitaa linapokatika, kijiko hakigongi ovyo. Kinaendeleza mdundo uleule wa wimbo kwa mapigo kumi na sita, ndipo mama anaanza kusema. Nimeyahesabu. Sisemi alimpenda Cassien mwaka ule. Maneno yake ni makali na ya suruali ni ya haki, nimeziona picha. Ninachosema ni kwamba alimaliza wimbo wa Cassien kwa sufuria kabla ya kumkataa.

Sasa lililo kubwa, na hapa sitakubembeleza. Maneno ya mama si kosa lako. Gad ndiye kosa lako. Ulimwachia mtu asiye na hatia jina baya miaka mitatu ili usiulizwe swali la pili, na umewatazama marafiki wa miaka arobaini wakipelekeana salamu kupitia mpiga ngoma. Katika barua yako mama ana mistari mingi kuliko Gad. Ipindue hiyo hesabu.

Nimempigia Hakimu bila kutaja mtu, nikajifanya nina kaseti ya harusi. Anasema anaihamisha kwenye kompyuta mara moja tu, nawe ukiwa umekaa hapo, na unaondoka nayo mkononi. Sauti ya mama itakuwa salama kuliko ilivyo sasa katikati ya vifungo. Sekunde arobaini zilizofutwa hazirudi. Wimbo unaweza kufifia pale, au Cassien na Gad wakapiga mwisho mpya, au sauti ikaachwa iingie kama ilivyo. Byiringiro atataka kuamua. Mwambie hapana. Hilo ni la wewe na mume wako.

Kwa hiyo kesho Jumatano fanya hivi. Cassien anarudi kula saa saba. Mwache ale. Weka redio ya kaseti mezani na umwambie wewe mwenyewe, kabla ya kubonyeza, mambo matatu kwa mpangilio huu: kaseti ninayo, Gad hakuipoteza, na ndani yake mama anakutukana. Halafu bonyeza na usikae karibu na kitufe cha kuzima. Asikie mpaka mwisho. Akikasirika ana haki, na usimwambie mama alikuwa anatania, kwa sababu hakuwa. Mwonyeshe kijiko. Yeye ni mwanamuziki, atakisikia upesi kuliko mimi.

Saa kumi nendeni wote wawili kwa Gad. Usimtume mume wako peke yake, na usitangulie na zawadi ya kitambaa. Umeniambia unataka kumshonea shati, shati lisubiri. Sema mbele ya mke wake, kwa sababu yeye pia ameishi na neno "mwizi" nyumbani kwake: "Ni mimi niliyesema uongo, kaseti ilikuwa kwangu." Halafu nyamaza. Gad akisema hapandi jukwaani, usimsihi. Mwachie Cassien amwombe, maana yeye ndiye aliyekwenda kumshtaki.

Kuhusu ile hotuba ya Jumamosi, usimkataze Cassien. Baada ya kesho atakuwa anajua kile anachokisema, na mimi, nitakayekuwa mstari wa tatu na daftari langu, ningependa kuisikia hivyo kuliko alivyozoea kuisema.

Hakimu anafungua Alhamisi saa tatu asubuhi. Nimemwomba akuwekee nafasi ya kwanza, kwa jina la "kaseti ya harusi". Byiringiro anafunga orodha Ijumaa saa sita mchana, na nafasi ya kumi na nane bado iko wazi.